Afya ya Moyo na Akili ya Askari Polisi Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa watumishi wa Serikali, Ugweno)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo si desturi kulisikia katika mikutano yetu, nalo ni afya ya moyo na akili ya askari polisi awapo kazini. Tumezoea kuzungumza habari za mishahara, nyumba, likizo na malipo ya uzeeni, na hayo yote ni mambo ya haki. Lakini mtumishi si mkono tu wa kushika kalamu au bunduki. Ana moyo unaochoka na akili inayoweza kuugua. Na mtu aliyechoka moyo huweza kufika kazini asubuhi, nguo zimepigwa pasi na viatu vyang'aa, wala asitambulike na mtu yeyote kuwa ni mgonjwa. Kwa hiyo naomba mnisikilize kwa subira.

Huenda mmoja wenu akauliza: sisi makarani, walimu, wauguzi na mabwana shamba tuna shauri gani na mambo ya polisi? Nitajibu kwa habari ya zamani na kwa habari ya sheria. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Chama hicho hakikuwa cha kudai haki tu, bali kilikuwa pia na mahali pa kusoma magazeti, masomo ya jioni na mchezo wa mpira. Wazee wale walifahamu ya kwamba mtumishi ahitaji mahali pa kukutana na wenzake na kuipumzisha akili yake.

Sasa tutazame upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huwapa wafanyakazi haki ya kujiunga na vyama vyao, lakini imewaweka kando askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu akipatwa na shida kazini, kipo chama cha kumsemea. Askari polisi hupeleka neno lake kwa mkubwa wake. Na kama shida yenyewe yatoka kwa huyo mkubwa, hulimeza neno lake akanyamaza. Sikuja hapa kushindana na sheria hiyo, maana wanaoshika silaha wana masharti yao katika nchi nyingi. Ninalosema ni hili: asiye na chama cha kumsemea astahili kusemewa na majirani zake, nasi ndio majirani.

Tena yafaa tukumbuke kazi hii ilivyoanza. Polisi wa Tanganyika walitangazwa kuwa jeshi rasmi tarehe 25 Agosti 1919, na makao makuu ya kwanza yalikuwa Lushoto, katika milima ya Usambara iliyo jirani na yetu. Katika milima hiyo hiyo, huko Lutindi, watu wa misheni walikuwa wamekwisha kuanza kuwatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Na mwaka 1927 Serikali ikafungua hospitali ya Mirembe, Dodoma. Basi mambo haya mawili, ulinzi na utunzaji wa akili, yaliishi karibu karibu tangu mwanzo. Lakini watu walizoea kumwona askari akimpeleka mgonjwa hospitalini. Kwamba askari mwenyewe huenda siku moja akahitaji kuketi mbele ya daktari yule yule, hilo halikuwaingia watu upesi, na hata leo kwa wengi bado ni neno la aibu.

Nasi wa milima ya Upare tunayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1945 maelfu ya watu wetu walishuka hadi Same kuikataa kodi ya mbiru, wakakaa huko siku nyingi. Na mwaka uliofuata akina mama wa Usangi wakaliingia shauri hilo kwa nguvu zao zote. Habari hizo zimeandikwa na Profesa Isaria Kimambo, na nyumba nyingi za hapa zina mzee wa kuzisimulia. Twawakumbuka waliokataa, na ni haki wakumbukwe. Lakini mbele ya umati kama ule husimama pia askari, mtu wa mshahara mdogo, aliyeamriwa asimame. Yeye hakuitunga kodi, wala hawezi kuifuta. Huku yuko Serikali, huku wako watu walio mfano wa mama yake na baba yake, naye yu katikati. Hiyo ndiyo asili ya kazi ya polisi, wala haikubadilika kwa kubadilika kwa bendera.

Sasa niitaje mizigo ya leo, mmoja mmoja.

Mzigo wa kwanza ni kuona yale ambayo sisi wengine hatuyaoni. Tarehe 28 Juni 2025, mahali paitwapo Sabasaba, wilayani Same, katika barabara kuu ya kutoka Tanga kwenda Moshi, basi kubwa na basi dogo yaligongana, moto ukawaka. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha, na wengi miili yao iliungua hata isitambulike kwa sura. Nchi nzima ililia. Lakini baada ya vilio na salamu za rambirambi, fikirini kazi inayobaki mahali kama pale: kuzima moto, kuitoa miili, kuihesabu, kuandika, kuwazuia watu wasisogee, kumjibu mama anayeuliza kama mwanawe alikuwamo. Kazi hiyo huwaangukia polisi, zimamoto na watu wa hospitali. Hali kadhalika mwezi wa Novemba 2009, mvua kubwa ilipoporomosha mlima huko Mamba Myamba, watu zaidi ya 20 wakafunikwa na udongo. Wapo waliochimba kwa majembe na mikono ili kuwatoa. Sisi tulizika, tukaanua matanga. Yule aliyeokota miili hakuwa na tanga la kuanua, maana kesho yake aliitwa kwa shauri lingine.

Mzigo wa pili ni kutekeleza amri juu ya watu unaoishi nao. Miaka ya karibuni mashamba ya mirungi yameteketezwa katika milima ya Same. Mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria yetu, nami siitetei. Lakini askari aliyeshika panga asubuhi kuing'oa mimea ile, jioni hununua maziwa na ndizi kwa jirani wa yule aliyeng'olewa. Watoto wake wasoma darasa moja na watoto wa mwenye shamba. Mara nyingi yeye ni mgeni aliyehamishwa kutoka mbali. Haelewi Kigweno wala Kipare, na akipita sokoni watu hunyamaza. Upweke wa namna hiyo si jambo dogo.

Mzigo wa tatu ni ule wa madawati ya jinsia na watoto yaliyomo katika vituo vya polisi. Ni kazi njema sana, na imewaokoa wengi. Lakini huyo askari wa dawati, mara nyingi mwanamke aliye na watoto wake mwenyewe, huketi siku nzima akisikiliza habari za watoto walioharibiwa na wanawake waliopigwa na waume zao. Jioni hurudi nyumbani akapika chakula na kukagua madaftari ya watoto, na yale aliyoyasikia yamo ndani yake, wala kwa amri ya siri ya kazi hawezi kumwambia mtu.

Mzigo wa nne ni ule usio na kishindo: zamu za usiku, usingizi uliokatwa, likizo iliyoahirishwa, uhamisho unaomtenga mtu na mkewe au mumewe, chumba kimoja chenye watu wengi, na deni. Wenye deni sote twajua ya kuwa deni halilali. Mizigo mitatu ya kwanza huja kwa siku maalum. Huu wa nne huja kila siku, nao ndio unaomkuta mtu amekwisha kudhoofika siku ile kubwa inapofika.

Je, hutokea nini ndani ya mtu huyo? Ninyi mliolima kwa maji ya ndiva mtanifahamu upesi. Ndiva hukusanya maji usiku, na asubuhi hufunguliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu. Ndiva isipofunguliwa, maji hayatulii kwa heshima, hutafuta ufa. Akili ya binadamu nayo ni hivyo. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliliandika rasmi katika kitabu chao cha maradhi lile jambo ambalo askari wa vita walikuwa nalo siku zote: kwamba mtu aliyeona mambo ya kutisha huweza kuyaona tena miezi na miaka baadaye, usingizini na macho yakiwa wazi. Sisi twaweza kuliita kiwewe. Mwenye kiwewe hushtuka kwa mlio mdogo, huepuka njia au mahali panapomkumbusha, hukasirika upesi, au hufa ganzi ya moyo hata furaha ya mtoto wake isimguse. Pengine ni sonona: huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya chakula na ya kazi, kujiona si kitu, na mwishowe kufikiri kwamba kufa ni afadhali.

Wengi hutafuta ufa wao katika pombe. Pombe humlaza mtu saa mbili, ikamwamsha saa nane za usiku na mawazo yale yale, na zaidi ana deni la kilabuni. Nasi tukimwona twasema, "Askari yule ni mlevi," tukaishia hapo. Yafaa tuulize alianza kunywa lini, na baada ya jambo gani.

Wala msidhani ya kuwa haya ni ya polisi peke yao au ya nchi yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba mwaka 2019 watu 15 katika kila 100 walio na umri wa kufanya kazi walikuwa na maradhi ya akili ya namna moja au nyingine, na kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea duniani kila mwaka kwa ajili ya sonona na wasiwasi tu. Mwezi wa Septemba 2022 Shirika hilo lilitoa miongozo juu ya afya ya akili kazini, na neno lake kubwa ni kwamba wakuu wa kazi wafundishwe kuwatambua na kuwasaidia walio chini yao, tena kazi yenyewe irekebishwe. Isiwe kumwambia mtumishi ajikaze tu.

Jirani zetu wa Kenya, ambao kutoka vilele vya Ugweno twaiona nchi yao ng'ambo ya Ziwa Jipe, wamelishika jambo hili baada ya misiba mingi ya askari kujiua au kuwaua walio karibu nao. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilishauri maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa zima. Mwezi wa Desemba 2022 likaundwa jopo jingine chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kuangalia hali za kazi za polisi na magereza, nalo likatoa taarifa yake mwezi wa Novemba 2023. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba yao, kwa kuwa mtu huyo ahitaji matibabu kuliko kifungo. Sisemi wamemaliza kazi. Majopo ni rahisi kuliko matendo. Lakini wamelitaja jambo kwa jina lake mbele ya watu wote, na kutaja ni mwanzo wa kutibu.

Bwana Mwenyekiti, najua yupo mtu hapa anayesema moyoni: "Mbona twamhurumia polisi, na wapo waliopigwa na polisi, na waliofungwa bila haki?" Neno hilo ni la kweli, wala sitaki kulipita kama sikulisikia. Mwenye kidonda alichotiwa na askari ana haki ya kulalamika na kupata hukumu, na uchovu wa askari si hati ya kumsamehe uovu. Mtu mwenye afya huweza kuwa mwovu, na mgonjwa huweza kuwa mwema. Lakini pimeni jambo lenyewe. Mnataka nani asimame mbele ya vijana wenu siku ya ghasia: aliyelala usiku na mwenye akili iliyotulia, au asiyelala siku tatu, mwenye moyo uliokufa ganzi na kidole juu ya bunduki? Kumtunza polisi ni kumlinda raia. Haki ya aliyeumizwa na utunzaji wa askari havigombani.

Basi la kufanya ni nini? Nitataja mambo sita.

La kwanza, mkuu wa kituo awajue watu wake. Haihitaji fedha kumwita askari kando na kumwuliza, "Umelalaje siku hizi? Nyumbani hawajambo?" na kusubiri jibu. Kipimo cha mkuu mwema kiwe pia ni watu wangapi wamemwendea kwa hiari yao.

La pili, baada ya msiba mkubwa pasiwe na haraka ya kurudi kazini kama kwamba halikuwa jambo. Wapewe maji, chakula, mahali pa kukaa na nafasi ya kuzungumza na jamaa zao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 wafundisha mambo matatu kwa mtu yeyote atakaye kusaidia: angalia, sikiliza, kisha unganisha mtu na msaada unaomfaa. Tena angalieni sana: mtu asilazimishwe kusimulia aliyoyaona. Atakaye kusema asikilizwe. Atakaye kunyamaza aachwe, lakini asiachwe peke yake. Baada ya wiki chache aulizwe tena, maana wengi huanguka wakati watu wengine wamekwisha kusahau.

La tatu, likizo na zamu ziheshimiwe. Usingizi si uvivu. Askari wa dawati la watoto na wa barabara kuu wabadilishwe kwa wakati, wasikae katika kazi nzito miaka mingi bila kupumzishwa.

La nne ni juu ya silaha. Mtu aliyezidiwa na mawazo apewe kazi isiyo na bunduki mpaka apone, na jambo hilo lifanywe kwa heshima, bila kumvua cheo wala kumtangaza mbele ya gwaride. Akijua kwamba kusema ukweli kutamwangamiza kazi, hatasema kamwe. Na kimya hicho ndicho kinachoua.

La tano, matibabu yawe karibu na yawe ya siri. Mlango si Mirembe peke yake, ambako watu huogopa jina. Pana hospitali ya Usangi, ya Same, na zile za rufaa za Moshi, Mawenzi na KCMC. Askari aende kama aendavyo mwenye homa, na karatasi yake isisomwe na kila karani. Hali kadhalika mapadri, wachungaji na masheikh wetu wapokee mtu, wamwombee, kisha wamwelekeze kwa daktari. Sala na dawa hazijapata kugombana.

La sita, shauri la fedha. Polisi wanacho chama chao cha akiba na mikopo, URA SACCOS. Akopaye afundishwe kwanza hesabu ya mkopo, ili asije akafanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya makato. Mke na mume waujue mkopo kabla ya kutiwa sahihi.

Na sisi wenyewe tulio nje ya kituo, fungu letu ni lipi? Ni hili: askari mgeni akifika Kifula, Msangeni au Shighatini, asikae mwaka mzima bila kualikwa chakula. Tumwite katika michezo yetu, arusi zetu na msaragambo wetu, akashike jembe pamoja nasi, ili watu wamjue kwa jina lake, si kwa kofia yake. Mwalimu amtazame mtoto wa askari aliyebadilika ghafula shuleni. Mke wa askari akimwambia muuguzi kwamba mumewe halali, muuguzi asiseme ni mambo ya nyumbani. Na wale vijana wetu wa Ugweno waliokwenda kufanya kazi hiyo mbali, tuwaandikie na kuwapigia simu kuulizia hali zao, si kuomba fedha tu.

Naliomba Baraza la chama chetu liyachukue maneno haya mawili yawe azimio: kwanza, tuwaandikie wakuu wa polisi wa wilaya za Mwanga na Same kuwaomba wamruhusu daktari au mshauri aje kuzungumza na askari mara kwa mara, nasi tutoe ukumbi bure, pili, kila tawi letu lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kumtembelea askari na nyumba yake baada ya msiba wowote mkubwa, kama tunavyomtembelea mfiwa. Maana naye ni mfiwa, ila hakupewa siku ya kulia.

Wanaotulinda usiku nao wana usiku wao. Mungu atujalie kuwakumbuka kabla ya kuitwa mazikoni. Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti.